Tutaongozaje Wengine na Sisi Tuko Hivi?



Kila uchaguzi wa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo unapokaribia, kuna swali ambalo sisi makatekista huletewa pembeni, watu wakishatawanyika. Mume amependekezwa kuwa mwenyekiti, au mke kuwa mwekahazina, na wote wawili wanakumbuka maneno waliyorushiana Jumanne usiku. "Katekista, sisi tutaongozaje watu? Wangejua yanayosemwa kwetu!" Wengine hukataa uongozi kwa sababu hiyo. Wengine hukubali, kisha wakaishi kwa hofu ya masikio ya majirani. Je, mtu ambaye nyumba yake haijanyooka anaweza kusimama mbele ya wenzake?

Swali hili si la mzaha. Mtakatifu Paulo anamwandikia Timoteo kwamba asiyejua kusimamia nyumba yake hataweza kulitunza Kanisa la Mungu (1 Tim 3:5). Wapo waliolifanya andiko hilo kuwa rungu la kuwapiga wenzao wakati wa uchaguzi. Lakini hebu tutazame Bwana mwenyewe aliwachagua watu wa namna gani.

Petro alikuwa mtu wa ndoa. Twajua hivyo kwa kuwa mama mkwe wake aliponywa homa (Mk 1:30). Alikuwa mwepesi wa kusema na mwepesi wa kuogopa, akamkana Bwana mara tatu huku akiota moto. Baada ya ufufuko, Yesu hakumwuliza kama sasa ameacha woga. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, ndipo akamkabidhi kondoo (Yn 21). Nao Yakobo na Yohane walijiombea viti vya kuume na kushoto, wenzao kumi wakakasirika. Nadhani hasira hiyo haikuwa ya uchungu wa haki, bali kila mmoja alikuwa amekitupia jicho kiti hicho hicho. Katikati ya ugomvi huo Yesu akawaeleza kwamba anayetaka kuwa wa kwanza awe mtumishi wa wote (Mk 10:44). Kwa hiyo somo lenyewe la utumishi lilitolewa kwa watu waliokuwa wakigombana. Mume na mke waliokosana Jumanne wasidhani kwamba halikuwa lao.

Hata hivyo, yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, tena mara nyingine kwa makusudi. Kuna udhaifu ambao mtu anapigana nao, na kuna dhambi ambayo mtu anaifuga. Mume mwenye hasira za karibu, ambaye akikosa humwomba mkewe msamaha, huenda kitubio na kuanza upya, huyo ni ndugu yake Petro. Lakini anayempiga mkewe Ijumaa, na Jumapili akasimama kuongoza sala za waamini, akijua kwamba mke atanyamaza ili Jumuiya isiaibike, huyo ni mwingine kabisa. Kwake uongozi umekuwa pazia. Kusema "mganga hajigangi" hakumsaidii mtu, kwa maana huyu hakushindwa kujiganga, amekataa dawa.

Kwa maoni yangu mtu wa namna hiyo aache uongozi kwanza, akatengeneze nyumbani. Na Jumuiya isimtume mama mmoja kwenda kumwambia mke avumilie. Mke anayepigwa halisaliti Kanisa anaposema. Amweleze Padre na watu wa ukoo anaowaamini, na ikibidi aende polisi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 kuhusu ukatili wa nyumbani iko kwa ajili yake. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha kwamba kumtendea mwanamke ukatili si nguvu ya kiume bali ni woga, na kwamba yako mazingira ambamo kutengana ni jambo lisiloepukika.

Sasa tuje kwa sisi wengine, tusiopiga wala kuiba, lakini tusio watakatifu. Utumishi wetu hupimwa wapi? Ukitaka kujua, usiwaulize wanajumuiya, mwulize mwenzako. Waume hupenda kusoma Waefeso 5 kuanzia aya ya 22, inayowataja wake. Aya ya 21 inawataka wote watiiane kwa kumcha Kristo, na Papa Yohane Paulo II alilieleza hilo wazi mwaka 1988: utii huo ni wa pande zote mbili. Bwana alishika beseni na kitambaa. Katika nyumba zetu nyingi beseni lajua mikono ya mama peke yake, na baba huliona Alhamisi Kuu, wakati Padre anapoosha miguu ya watu.

Watakatifu Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, waliotangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015, wanatufaa hapa. Louis alikuwa fundi wa saa mwenye duka lake. Kazi ya mkewe ya kufuma lesi ilipostawi, aliliuza duka hilo mwaka 1870 ili amsaidie mkewe. Ni wangapi kati yetu wangefanya hivyo bila kuogopa kuchekwa sokoni? Wala nyumba yao haikuwa ya picha ukutani. Kati ya watoto tisa, wanne walikufa wadogo. Binti yao Léonie aliwasumbua sana, hata shule ya watawa ikamrudisha nyumbani. Uzeeni, Louis mwenyewe aliugua akili, akalazwa hospitalini miaka mitatu.

Kuna hatari nyingine, ya kiongozi mwema ambaye Jumuiya imemmeza. Kila kamati yumo, kila matanga yupo, na watoto wake humwona akiwa amelala. Wengi tunakumbuka kwamba Yethro alimshauri mkwewe Musa agawe kazi. Tunasahau alikuja na nani: alimletea Musa mkewe Zipora na wana wao wawili, waliokuwa wakikaa kwake (Kut 18:2-6). Mzee huyo alirudisha familia kwanza, na kesho yake ndipo akatoa ushauri wa uongozi.

Basi jina lenu likitajwa, ombeni siku chache za kufikiri. Zungumzeni wawili, watoto wakishalala. Ni jioni ngapi kwa juma? Nani atakamua ng'ombe siku ya mkutano? Je, lile tuliloliacha bila kusameheana tutalimaliza lini? Na kama jibu ni "mwaka huu hapana, mtoto bado ni mchanga," mwambieni mwenyekiti anayeondoka hivyo hivyo, bila kusingizia ugonjwa.