Mwizi Tunayemhurumia

Filamu ya Kenya iitwayo Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, humwacha mtazamaji na fadhaa. Kijana Mwas atoka kijijini kutafuta kazi ya uigizaji. Siku ya kwanza mjini anyang'anywa mali yote, atiwa mahabusu, na huko akutana na Oti, mkuu wa wezi. Basi naye awa mwizi. Na mwishoni twamshangilia jukwaani.

Je, hana hatia? Anayo: aliuonja uchungu wa kuibiwa, akawaonjesha wengine. Umaskini hupunguza lawama, haufuti kosa.

Lakini hatia si yake peke yake. Wazazi wa Njombe, mnaowaaga vijana waendao Dar es Salaam kwa njia ya Makambako, twawaulizeni: ni nani atakayewapokea huko? Mwas hakuwa na wa kumpokea ila Oti.