Maji Yasiyogusa Damu

Jumanne na Ijumaa mamangu huunganishwa na mashine ya kusafisha damu kwa saa 4. Mimi hukaa kwa benchi nje, simu mkononi, na kwa kuwa ukuta wenyewe ni mwembamba, nasikia maji yakimwagika. Hayakomi. Miezi ya kwanza sikuyajali. Halafu kuna wiki mifereji ya mtaa wetu ilikauka siku 5 mfululizo, mtungi wa lita 20 ukapanda hadi shilingi 50, na hapo ndipo nilianza kuyasikia vizuri.

Nikamuuliza fundi wa mashine. Ni kijana wa rika langu, na nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu kazi yake, maana alieleza kama mtu aliyekuwa akingoja. Kila dakika mashine hupitisha karibu nusu lita ya maji yenye chumvi maalum kando ya utando mwembamba sana. Upande wa pili wa utando ndiko damu ya mama inapita, na uchafu wake huvuka kuingia kwa yale maji. Piga hesabu: dakika 240, lita 120. Mitungi 6. Hayo sina ugomvi nayo, yamebeba sumu ya mwili wa mtu, acha yaende.

Lakini kabla ya hapo kuna hatua nyingine. Maji ya mfereji hayawezi kuwekwa karibu na damu yakiwa vile yalivyo. Hupitishwa kwanza kwenye chujio kali, nalo huyagawa mafungu mawili. Fungu safi kabisa huenda kwa mashine. Fungu la pili, lililobaki na chumvi zote zilizokataliwa, humwagwa. Chujio zingine za zamani humwaga mengi kuliko yale zinayopitisha. Na hayo hayajamgusa mgonjwa yeyote.

"Ni maji tu," fundi akasema. "Labda usinywe. Lakini choo, kuosha sakafu, hata nguo, sawa."

Nje ya lango, mita chache kutoka pale, jamaa wa mkokoteni alikuwa akiuza maji.

Sasa, kuna aina ya mazungumzo kuhusu mazingira ambayo siyapendi kabisa. Yale ya kumwambia mtu mmoja mmoja abebe dunia mgongoni: wewe na mrija wako wa plastiki, wewe na mfuko wako. Mtu akithubutu kumwambia mamangu kwamba matibabu yake yanatumia maji mengi, tutakosana vibaya. Yeye hakuchagua. Anayezama haulizwi kamba imetengenezwa kwa nini.

Kwa hivyo kwa muda nilijificha nyuma ya sentensi moja: mgonjwa kwanza. Ni sentensi nzuri. Shida yake ni kwamba inafunga mjadala hata pale ambapo mgonjwa hahusiki. Maji yale yakitumika kwenye vyoo vya kliniki, mama hapotezi chochote, hata dakika moja. Tunayemlinda kwa kuyamwaga ni nani basi?

Nilimpelekea swali hili shangazi yangu, muuguzi mstaafu. Alianza kazi enzi za bomba za sindano za glasi, zile walizozichemsha kwa sufuria juu ya jiko na kuzitumia tena. Nilitarajia angefurahi. Wazee si hupenda kusema zamani hatukutupa vitu? Wapi! Alinitazama kwa ukali.

"Wewe hukuwaona watu tuliowazika," akasema. "Ukimwi ulipokuja, nilikuwa nalala nikiwaza kila sindano niliyowahi kuchemsha, kama ilichemka vya kutosha. Usiniletee hiyo hadithi ya kutumia tena."

Ilibidi ninyamaze. Kwake, kitu cha kutumia mara moja na kutupa ni amani. Ni usingizi. Anayekuja kuhubiri kuhusu takataka za hospitali bila kujua hofu hiyo anastahili kufukuzwa wodini.

Ila baadaye, tukinywa chai, yeye mwenyewe akaendelea. Alisema siku hizi anaona wauguzi wakivaa glavu kumpa mtu vidonge kwa kikombe. Anaona karatasi ya mkate ikitupwa kwenye mfuko wa manjano, ule wa taka zenye maambukizi, halafu mfuko mzima unaenda kuchomwa. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni taka za kawaida, kama za nyumbani kwako. Zikichanganywa na zile hatari, zote zinakuwa hatari, na plastiki fulani zikichomwa vibaya hutoa sumu iitwayo dioksini. Moshi huo unavutwa na mtu ambaye hakuna daktari aliyemwomba ridhaa. Hakutia sahihi fomu yoyote.

Hapo ndipo nilianza kuelewa. Sheria ya kutupa ilikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa damu. Tumeibeba hadi mahali ambapo damu haijafika, kwa mazoea tu, na tukaendelea kuiita usalama.

Watu husema kiapo cha madaktari ni "kwanza, usidhuru". Kumbe maneno hayo hayamo katika kiapo cha Hippocrates vile tunavyoyanukuu, lakini tuyakubali. Usimdhuru nani? Tumezoea kujibu: huyu aliye kitandani. Ila Nicaragua na El Salvador, wakata miwa wanaofanya kazi kwenye joto kali bila maji ya kutosha wamekuwa wakiugua figo wakiwa bado vijana. Yaani joto na kiu vinaweza kukuleta kwa mashine ileile inayomwaga maji. Aliye nje ya ukuta leo anaweza kuwa kitandani kesho.

Na si ndoto. Kule Geelong, Australia, kitengo cha figo kilishayaelekeza maji kama haya kwenye matumizi mengine, vikiwemo vyoo.

Wiki jana nikamfuata msimamizi wa kliniki. Hakunidharau. Alisema wamepanga orofa moja tu, vyoo ni vya jengo zima, itahitajika tangi na bomba lake la kando, na landlodi hataki ukuta wake utobolewe. Pia aliniuliza, kwa upole, kama ningependa pesa hizo ziende kwa tangi au kwa mashine nyingine, kwa sababu kuna watu 11 wanangoja nafasi.

Sikuwa na jibu. Njiani kurudi nyumbani, ndani ya matatu, nikamweleza mama yote. Alikuwa amechoka, kichwa kwenye dirisha, bandeji mkononi. Nilidhani amelala.

"Hiyo tangi," akasema, "ni ya lita ngapi?"