Mkono wa Mfanyakazi ni wa Nani?

Aangukaye kutoka juu ya mnazi huonekana na watu wote. Mguu uliovunjika una siku yake, saa yake na mashahidi wake. Lakini yule ambaye mkono wake umeingia ganzi kidogo kidogo, kwa kurudia tendo lile lile kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, atasema aliumia siku gani? Na asipoweza kuitaja siku, je, haki yake imeanguka?

Asafiriye kutoka Mombasa kwenda Nairobi huyaona mashamba ya mkonge akifika Kibwezi, katika Makueni, ndugu wa yale ya Vipingo na Mwatate tuyajuayo sisi watu wa pwani. Mkata mkonge huinama, akashika jani, akalikata kwa kisu, akaondoa mwiba, akafunga mzigo; kisha huanza tena. Huko Kitui kuna kiwanda cha ushonaji cha kaunti, ambacho mwaka 2020 kilishona barakoa kwa wingi. Na kazi ya cherehani ni ya vidole, shingo na macho. Hatusemi kwamba mahali hapo pana dhuluma. Twasema kwamba kazi za namna hii ndizo zichoshazo kano, nazo kano hazina ulimi. Wala jambo hili si geni: tabibu Mtaliani, Ramazzini, aliandika juu ya mikono ya makarani iliyolemaa kwa kuandika katika toleo la mwaka 1713 la kitabu chake, na Shirika la Kazi Duniani limeyataja maradhi ya kano za kifundo cha mkono katika orodha yake ya maradhi ya kazi ya mwaka 2010.

Wako wasemao: amelipwa ujira wake, basi anadai nini tena? Hoja hii yapendeza masikioni, nasi twaiona mbovu. Mafakihi wetu waelezapo ijara hufundisha kwamba mwenye kukodi hununua manufaa, hanunui kitu chenyewe. Aliyekodi nyumba hakununua kuta zake. Na aliyekodi punda kwa mzigo uliojulikana, kisha akampakia zaidi hata akafa, punda yule ni juu yake. Ikiwa ni hivyo kwa punda, itakuwaje kwa mwanadamu? Ujira ulikuwa bei ya kazi ya siku. Mkono wenyewe haukuuzwa.

Yuko mwingine, naye twamheshimu zaidi, asemaye kwamba mkono ule ule umelima shamba la nyumbani, umeteka maji na kupasua kuni; mwajiri atajuaje ya kuwa ni kazi yake iliyouharibu? Swali hili ni la haki, na mtu mmoja hawezi kulijibu. Lakini wakata mkonge 40 wakiugua kifundo kimoja, cha mkono ushikao kisu, jibu limekwisha anza kuonekana. Na ni nani awezaye kuwahesabu hao, ila chama cha wafanyakazi chenye mwakilishi wake shambani?

Sheria ya Kenya ya fidia ya majeraha ya kazini, ya mwaka 2007, haikuyasahau maradhi yaletwayo na kazi. Lakini yataka mwajiri apewe habari na daktari athibitishe, na madai yapitie kwa mkurugenzi wa serikali kabla ya mahakama. Mahakama ya Juu iliikubali njia hiyo Desemba 2019. Wachumaji chai wa Kericho waliodai huko Edinburgh, Uskoti, kwa ajili ya migongo na viungo vyao, waliambiwa mwaka 2023 kwamba shauri lao lisimame, waanze kwanza kwa sheria hiyo ya kwao. Ni safari ndefu kwa mtu ambaye hata kalamu yamuuma kuishika.

Basi na chama kijue wajibu wake. Ada hukatwa katika mshahara wa mwanachama, naye hana habari nayo tena. Hiyo ni amana. Mwakilishi aambiwaye "mkono waniuma", akajibu "vumilia, sote twaumwa", ameila amana ile ijapokuwa hakugusa hata senti. Alipasa kuandika neno lile siku ile ile alipolisikia, kwa jina na tarehe, maana karatasi hiyo ndiyo siku ambayo jeraha halikuwa nayo. Alipasa kufuatana naye kwa daktari, na kumwomba msimamizi ambadilishie kazi kwa muda. Na katika mkataba wa pamoja, mbali na shilingi, viandikwe vitu vidogo vidogo: mapumziko, kubadilishana kazi, visu vya kukata vizuri. Kisu butu hutumia mkono maradufu.

Wamebaki akina mama wa Kitui na Makueni wasokotao uzi wa mkonge na kusuka vyondo vinavyouzwa hadi mijini kwetu. Hao hawana mwajiri, na sheria tuliyoitaja haiwajui. Wachongaji wa Kikamba wa Changamwe nao hawakuwa na bwana, na mwaka 1963 waliunda ushirika wao. Kama ushirika wa wasusi waweza kuangalia mikono kama uangaliavyo bei, ni jambo tutakalolizungumza katika toleo lijalo.