Yosefu Hakuwatanguliza



Wapendwa wanandoa, Krismasi inapokaribia, wengi wetu tunaoishi mijini hujiandaa kwenda nyumbani kusherehekea na wazee. Ni jambo jema. Babu na nyanya hungoja kwa hamu kumpakata mjukuu wao. Lakini katika nyumba nyingi zenye mtoto mchanga, safari hii huleta ugomvi hata kabla mizigo haijafungwa. Mume husema, "Nimekwisha kukata tiketi. Wewe tangulia na mtoto, mimi nitafika tarehe 24." Mke hunyamaza. Ndugu yangu, kunyamaza huko si kukubali.

Hebu fikirini safari ya kutoka Nairobi hadi Busia, zaidi ya kilomita 400. Mama amempakata mtoto wa miezi mitatu, ana begi la nepi, na zawadi za wakwe ziko miguuni pake. Basi likisimama Nakuru, mama huyu akitaka kwenda msalani, mtoto atamwachia nani?

Someni Injili ya Mathayo, sura ya pili. Malaika alipomwonya Yosefu katika ndoto, aliamka usiku uleule, akamchukua mtoto na mama yake, akaenda nao Misri. Hakuwatanguliza. Hakusema kwamba alikuwa na kazi ya useremala ya kumaliza. Wala hawakuwa matajiri: Luka anatueleza kwamba hekaluni walitoa ndege wawili, sadaka ya maskini. Utajiri wa mtoto yule ulikuwa kwamba wazazi wake wote wawili walisafiri naye.

Siku ya ndoa yenu mliahidiana uaminifu katika raha na katika taabu. Stendi ya mabasi mwezi wa Desemba ni mahali pazuri pa kuitimiza ahadi hiyo.

Basi, amueni pamoja. Kama mtoto ni mgonjwa, au siku yake ya chanjo imefika, safari ingoje. Kuwaheshimu wazazi hakumaanishi kumhatarisha mtoto. Mkiamua kwenda, kateni tiketi mapema, kwa sababu nauli hupanda sana siku za sikukuu, na msafiri mchana. Msisahau kijitabu cha kliniki. Mau Summit kuna baridi na Busia kuna joto, kwa hiyo mvisheni mtoto nguo za kuongeza na kupunguza. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita anyonye tu. Hahitaji maji wala uji. Mama anayenyonyesha ndiye anayehitaji kula na kunywa vizuri njiani, na ni kazi ya baba kuhakikisha amepata.

Mkifika, kumbukeni kwamba huko magharibi kuna malaria nyingi. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza. Akishikwa na homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Krismasi yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo waume wengi hulikwepa. Nyanya akitaka kumwonjesha mtoto mchanga uji, asiachiwe mke kumkataza mama mkwe. Baba, huyo ni mama yako. Mwendee kwa upole na heshima, umweleze mlivyoagizwa kliniki. Neno lile lile likitoka kwa mkaza mwana huitwa kiburi. Likitoka kwako litasikika.

Labda utasema kwamba kazi haikuruhusu kuondoka mapema. Basi mkeo na mtoto wakungoje, mwende pamoja baada ya Krismasi. Kanisa huadhimisha Familia Takatifu Jumapili iliyo katika Oktava ya Noeli, au tarehe 30 Desemba kama Noeli imeangukia Jumapili. Familia itakayofika nyumbani kwa sikukuu hiyo, baba, mama na mtoto pamoja, haijachelewa.

Usiku wa leo, mtoto akisha kulala, zimeni redio mketi pamoja. Baba amwulize mama, "Wewe unaionaje safari hii?" Kisha anyamaze, amsikilize hadi mwisho. Halafu salini pamoja, mkimwomba Mtakatifu Yosefu awaombee.

Mungu awabariki, awafikishe salama.