Vifaranga wa Kupewa: Ulezi, Nasaba na Ukweli

Methali ya kuku wa mkata, ambaye hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, hutajwa kwa kawaida kueleza mkosi wa maskini, lakini ndani yake mna pia mgawanyo makini wa kazi tatu ambazo watu wamezoea kuziona kuwa ni moja: kutaga, kuangua na kulea. Kazi hizo hutengana waziwazi pale mfugaji anapochukua vifaranga walioanguliwa na mashine, au walioachwa na mama aliyekufa kwa mdondo, akawaweka chini ya kuku mwingine anayeatamia, yaani kuku aliyeacha kutaga na kushikilia kiota kwa sababu mwili wake umejiandaa kwa malezi. Kuku huyo akiwapokea, huwafunika kwa mbawa, huwaita penye chakula na kuwapigania mbele ya mwewe, ingawa hakutaga hata yai moja kati ya yale waliyotokana nayo. Hapo huzuka swali linalohusu falsafa na dini kwa pamoja: je, umama wa kuku huyo ni wa kweli, au ni kosa la kiumbe aliyedanganywa gizani, kosa ambalo binadamu amejua kulitumia kwa faida yake?

Udanganyifu wenyewe una kanuni zake, na kanuni hizo ndizo zinazolifanya swali kuwa gumu. Kuku anayeatamia huongozwa kwa sehemu kubwa na prolaktini, homoni inayomfanya atulie kiotani na kula kidogo mno kwa muda wa siku 21 ambazo yai la kuku huhitaji ili kuanguliwa. Mfugaji mwenye uzoefu humwacha akae kwanza siku za kutosha, kisha usiku huondoa mayai na kuingiza vifaranga wa siku moja au mbili, kwa kuwa gizani kuku huongozwa na joto na sauti kuliko macho. Umri una uzito upande wa vifaranga pia, kwani mwaka 1873 Mwingereza Douglas Spalding alieleza jinsi vifaranga waliofunikwa macho tangu kuanguliwa walivyomfuata mtu walipofunuliwa mapema, lakini wakamkimbia kwa hofu walipofunuliwa baada ya takriban siku nne. Mwaka 1935 Konrad Lorenz wa Austria alilichambua kwa kina jambo hilo, ambalo ni hali ya kinda kujifunga, katika muda mfupi wa mwanzo wa maisha yake, kwa kiumbe chochote kinachosogea mbele yake kana kwamba ndicho mzazi.

Upande wa mama, sauti ina nguvu kuliko sura. Katika majaribio yaliyofanywa Ujerumani, na ambayo mwanabiolojia Jakob von Uexküll aliyaeleza mwaka 1934, kuku alimkimbilia kifaranga aliyelia nyuma ya kizuizi bila kumwona, lakini hakushughulika na kifaranga aliyetapatapa mbele ya macho yake chini ya kifuniko cha kioo kilichozuia sauti. Jambo zito zaidi lilidhihirika mwaka 1960, pale Wolfgang Schleidt na wenzake walipoonyesha kwamba bata mzinga waliotiwa uziwi waliwaua makinda wao wenyewe, kwa kuwa hawakusikia kile kilio kinachomtofautisha mtoto na adui anayeingia kiotani.

Kutokana na ushahidi huo, mtu anaweza kuhitimisha kwamba kinachoitwa upendo wa kuku si chochote ila mwitikio wa mwili, na kwamba kuku anayelea vifaranga wa kupewa hana umama wowote wa kweli. Hitimisho hilo lina haraka. Tukio la bata mzinga viziwi linathibitisha kwamba kuzaa peke yake hakumlindi mtoto hata dhidi ya mzazi wake, na kwa hiyo, kama mwitikio wa sauti haufai kuitwa umama kwa kuku mlezi, haufai kuitwa hivyo kwa kuku mzazi pia, maana wote wawili huongozwa na jambo lilelile. Kuku aliyetaga hajui kwa hoja kwamba vifaranga ni wake, hajawahi kujua. Anachokosa kuku mlezi ni historia fulani ya yai ambayo hata yule mwenzake hana habari nayo.

Musa bin Maimun, mwanafalsafa wa Kiyahudi wa karne ya 12 aliyeishi Misri na kuandika kwa Kiarabu, aligusa kiini cha jambo hili katika sehemu ya tatu ya kitabu chake Dalalat al-Ha'irin, alipofafanua amri za Torati zinazokataza kumchinja mnyama na mtoto wake siku moja, na zinazoagiza ndege mama aachiliwe kabla ya makinda kuchukuliwa. Kwa maelezo yake, uchungu wa mama juu ya mtoto hautokani na akili inayofikiri, bali na ile nguvu ya nafsi inayopokea na kuhifadhi taswira za vitu, na nguvu hiyo wanyama wanayo kama binadamu. Hoja hiyo ina matokeo makubwa kuliko inavyoonekana mara ya kwanza, kwa sababu mapenzi yasiyotegemea hoja hayawezi kubatilishwa na kasoro ya hoja. Kuku aliyewekewa vifaranga usiku anaweza kusemwa kuwa amekosea juu ya asili yao, lakini joto analowapa halikosei, wala njaa anayostahimili si ya uongo.

Maandiko ya Biblia yenyewe yanaweka picha mbili zinazokinzana. Nabii Yeremia, katika sura ya 17, anamfananisha mtu aliyepata mali kwa dhuluma na kware anayekusanya makinda asiowazaa, na wafafanuzi wa zama za kati walilikuza fumbo hilo kwa kusema kwamba makinda hao, wakiisikia sauti ya mama yao halisi, humwacha mwizi na kumrudia. Injili ya Mathayo, katika sura ya 23, inamweka Yesu katika nafasi ya kuku anayetaka kuwakusanya vifaranga chini ya mbawa zake. Tendo la kukusanya ni moja, lakini kware anakusanya ili awe navyo vya wengine, ilhali kuku anakusanya ili ajitoe. Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, alipohubiri juu ya Injili ya Yohana, alisema kwamba ndege wengine hutambulika kuwa ni wazazi wakionekana kiotani tu, ilhali kuku hudhoofika pamoja na watoto wake, hata sauti na manyoya yake hubadilika, kiasi kwamba anajulikana kuwa ni mama hata vifaranga wasipokuwapo. Kipimo hicho ni bora kuliko kile cha wafafanuzi wa kware, kwa kuwa kinautafuta umama katika gharama iliyolipwa, na kwa kipimo hicho kuku mlezi hapungukiwi na kitu. Waswahili wamesema jambo la jirani na hilo kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana.

Hata hivyo, asili hairuhusu kupuuzwa kabisa. Mshairi wa Kisufi Jalaluddin Rumi, katika kitabu cha pili cha utenzi wake Masnavi, anatoa mfano wa bata walioanguliwa na kulelewa na kuku wa nchi kavu, akimwambia msomaji kwamba roho yake ni ya ukoo wa bahari na hofu ya maji ameipata kwa mlezi tu. Wafugaji wanaolijua tendo hilo wanafahamu kwamba mfano huu una ukweli wa wazi, kwani vifaranga wa bata huingia dimbwini bila kufundishwa, na kuku hubaki ukingoni akiwaita kwa wasiwasi. Malezi yake hayakuwa bure, kwa sababu bila joto lake wasingefika majini, lakini hayakuwageuza kuwa kuku. Ulezi, basi, unaweza kuwa kamili bila kuwa na mamlaka ya kufuta nasaba.

Wajibu unaotokana na udanganyifu huo humwangukia aliyedanganya. Mfugaji ameikopa nguvu ambayo kuku hawezi kuikataa, na kwa hiyo hana udhuru akimpa vifaranga wengi kuliko mbawa zake zinavyoweza kufunika, au akimnyang'anya vifaranga na kumrudishia mayai mapya mara kwa mara ili aendelee kuatamia, hali mwili wake unakonda kwa kukaa bila kula vya kutosha. Jambo hilo la pili hufanywa na kusifiwa kama ubunifu, nalo ni dhuluma.

Kwa binadamu, kinachoruhusiwa kwa kuku hakiwezi kuhamishwa kama kilivyo, kwa sababu mtoto, tofauti na kifaranga, atauliza siku moja kuwa yeye ni wa nani. Katika Uislamu jibu la swali hilo limewekewa msingi katika aya ya 4 na ya 5 za sura ya Al-Ahzab, zinazoagiza watoto wa kulelewa waitwe kwa majina ya baba zao waliowazaa, wakati huohuo kafala, yaani kubeba jukumu la kumlea na kumtunza mtoto bila kumpa nasaba isiyo yake, ikihesabiwa kuwa ni ibada kubwa. Sheria haikuufanya mpaka huo kuwa ukuta. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili huwa mwanawe wa kunyonya, na ndoa kati yake na watoto wa mwanamke huyo huwa haramu, jambo linaloonyesha kwamba lishe na ukaribu huweza kuzaa udugu wa kisheria bila kusema uongo juu ya aliyezaa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala kwa jina katika ibara ya 20, na katika ibara ya 7 umetambua haki ya mtoto kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana.

Wasiwasi kwamba ukweli wa nasaba hupoza mapenzi unajibiwa na maisha ya Zayd bin Haritha, ambaye Mtume Muhammad alimwacha huru na kumfanya mwana, hata akaitwa Zayd bin Muhammad mpaka aya hizo ziliposhuka na kumrudishia jina la baba yake. Hakupoteza nafasi yake: ndiye sahaba pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Kurani, ndiye aliyekabidhiwa uongozi wa kwanza wa jeshi lililopigana Mu'ta mwaka 629, alikouawa, na mwanawe Usama aliteuliwa na Mtume, akiwa bado kijana mdogo, kuongoza jeshi lililokuwa na masahaba wakubwa ndani yake.