Kumficha Mtoro: Je, Ni Wizi?

Huko Tabora na Ujiji twaonyeshwa hata leo miembe ya zamani, na wazee husema ilipandwa na watu wa misafara. Chini ya vivuli vile walipita wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru wenye ujira wao. Walipita pia watu waliofungwa shingoni. Sheria ya kuukomesha utumwa katika Tanganyika haikutolewa mpaka mwaka 1922.

Watoto wa kipaimara hutuuliza, Kwa nini hawakutoroka? Swali hilo si la kitoto. Mnyororo hata ukikatika, mtu alijikuta katika nchi asiyoijua lugha yake, hana mjomba wala shangazi. Asiye na jamaa aliweza kukamatwa na yeyote na kuuzwa tena. Basi kutoroka kulikuwa nusu ya safari. Nusu ya pili ilikuwa mkononi mwa mwenye mlango.

Katika njia ile ile, Morogoro, alikuwako Kisabengo, aliyejenga boma na kuwapokea watoro. Lakini wasafiri waliopita huko waliandika kwamba yeye naye aliteka watu. Wako wafunguao mlango kwa kuwa wanahitaji askari.

Habari tuzijuazo vizuri zaidi zatoka mbali na njia hii, pwani ya Mombasa, ambako mashamba yalilimwa na watu waliochukuliwa bara kama wale wa Tabora. Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, Wakristo waliotoka Rabai walifanya kijiji, na watoro wakakikimbilia. Kiongozi wao, David Koi, alikamatwa mwaka 1883 akauawa. Na Rabai alikuwako William Jones, ambaye mwenyewe aliuzwa angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa India, akawa shemasi mwaka 1885. Sheria ya Sultani ilimhesabu mtumwa kuwa mali, na misioni zilikatazwa kuwapokea watoro. Hofu ya wakubwa haikuwa ya bure: wenye watumwa walitishia vita, na ndani ya misioni walikuwamo watoto ambao hawakuulizwa neno. Jones akawapokea watoro.

Je, alikuwa mwizi? Wengine hutaja Filemoni, kwamba Paulo alimrudisha Onesimo. Ni kweli, lakini alimrudisha na barua mkononi, kwa bwana aliyemjua, akiomba apokewe kama ndugu. Tena Torati, katika Kumbukumbu 23, yakataza kumtoa mtumwa aliyekukimbilia. Wizi ulifanyika siku ile mtu alipotekwa kwao.

Hilo halitusumbui sana. Linalotusumbua ni wale watoto. Mtu aweza kutoa shingo yake. Je, aweza kutoa ya jirani? Sisi tulio na watoto twakiri kwamba tungesita. Lakini amrudishaye mtoro naye ametoa shingo ya mwingine, ila ni shingo ya mgeni, kwa hiyo haikuhesabiwa.

Tarehe 1 Januari 1889 watoro wa misioni za pwani, zaidi ya 1,400, walipewa hati za uhuru, kwa sababu George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza aliwalipa mabwana zao fedha. Jones aliiona siku hiyo. Mabwana walipata malipo yao. David Koi alikuwa amekwisha kufa yapata miaka mitano.