Kupungua Si Kushinda na Njaa

Msikilizaji wa Kimuli, nawe uliyeko kwingineko Kyerwa na Karagwe, wengi wetu tukitaka kupunguza uzito, tunaanza kwa kuacha kula. Asubuhi kahawa tupu, mchana maji, jioni njaa inakuja kudai deni lake lote: sufuria ya ndizi inakwisha, na chapati juu yake.

Mwili ukinyimwa chakula siku nyingi hauchomi mafuta peke yake. Unakula na misuli. Nguvu ya kushika jembe inapotea, na mwili unazoea kutumia kidogo. Ndiyo maana kilo zilizoondoka kwa njaa hurudi upesi.

Ndizi zetu zinasingiziwa bure. Zikipikwa na maharage, zinashibisha kweli, maana maharage yana protini na nyuzinyuzi, navyo hukaa tumboni. Tatizo mara nyingi ni tunachomimina. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, na nani hupima? Punguza hapo, punguza sukari ya chai, ongeza mchicha na dodoki. Senene wakija, karibu, ila wana mafuta yao wenyewe, usiwazidishie.

Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha. Nawe unayetumia dawa za kisukari, usiruke mlo kabla ya kuongea na mhudumu wa afya, kwani sukari inaweza kushuka ghafla. Basi kabla hujatoka kwenda shambani asubuhi hii, kula kwanza.